Soma kadi yako kabla ya safari

Ndugu msikilizaji, juma hili tuizungumzie kadi ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo kila anayekwenda Hija hutakiwa kuwa nayo. Wengi huichukulia kama pasipoti ya pili: pata mhuri, upite. Mimi naiona kuwa ni kitabu cha historia, na mistari yake imeandikwa kwa roho za watu.

Vijidudu ninavyovizungumzia huweza kukaa kooni mwa mtu mzima wa afya bila kumdhuru. Kwa mate na pumzi humfikia mwenziwe, naye huyo akaugua na pengine kufa katika siku moja au mbili. Wataalamu wamevigawa kwa herufi: A, B, C, W, X na Y.

Mwaka 1987 kundi A lililipuka Makka wakati wa Hija. Mahujaji waliporejea makwao, ugonjwa nao ukasafiri. Mwaka 1988 uliikumba Khartoum, na mwaka 1989 ulifika Nairobi, ambako maelfu waliugua. Baada ya mlipuko ule wa Makka, serikali ya Saudia iliweka sharti kwamba haingii haji asiyechanjwa.

Je, mambo yaliishia hapo? La. Chanjo iliyotumika sana wakati ule ilikinga A na C tu. Katika Hija ya mwaka 2000 likaja kundi W, na duniani watu zaidi ya 400 wakaugua, mahujaji pamoja na jamaa waliowapokea nyumbani. Mahujaji wengi walikuwa na kadi halali kabisa! Mwaka 2002 kundi hilohilo likaleta maafa Burkina Faso, na Saudia ikaanza kudai chanjo ya makundi manne: A, C, W na Y.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mwuguzi ni hili: sindano hii inakinga herufi zipi? Si ujuaji, ni haki yako.

Swali la pili ni la tarehe. Mwili huhitaji siku kama 10 kujijengea kinga, ndiyo maana Saudia hutaka uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Kudungwa usiku wa kuamkia safari ni kubeba karatasi tu. Tena kinga huchakaa: kadi ya chanjo ya aina ya zamani hukubaliwa kwa miaka 3, na ya aina mpya kwa miaka 5. Aina ya zamani ilimkinga aliyedungwa, lakini haikuwaondolea jirani zake hatari, kwani vijidudu viliweza kubaki kooni mwake. Aina mpya husaidia kupunguza hata hivyo. Burkina Faso ilipoanza kuchanja watu kwa mamilioni dhidi ya kundi A mwezi Desemba 2010, nchi jirani zikafuata, na kundi hilo likapotea karibu kabisa katika ukanda ule.

La tatu ni mhuri wenyewe. Mwaka 1995, mlipuko ulipokuwa umepamba moto nchini Niger, iligunduliwa kwamba maelfu ya watu walikuwa wamedungwa chanjo bandia, iliyotiwa nembo za viwanda halisi. Wale walidanganywa. Lakini anayenunua mhuri bila sindano, huyo anajidanganya mwenyewe, na gharama yake huenda akailipa mtoto atakayempokea uwanja wa ndege.

Wapo wanaoogopa kwamba chanjo itawatia ugonjwa. Haiwezi, kwani haina kijidudu kilicho hai. Mkono utauma, pengine na homa kidogo kwa siku moja au mbili. Lakini kama uliwahi kudhurika vibaya kwa chanjo, mweleze mwuguzi kabla hajakudunga.

Na hata aliyechanjwa asijione amekingwa kwa kila kitu. Ukipata homa ya ghafla, kichwa kikali, shingo kukakamaa au madoa ya zambarau mwilini, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Afisa wa mpakani ataangalia kama kadi unayo. Kujua imeandikwa nini ni kazi yako wewe. Hadi juma lijalo, kwaherini.