Kusuka Maziwa: Kutoka Duka la Dawa hadi Jiko la Nyumbani

Siku moja, hapa Kigali, mwanafunzi wangu alisimama darasani akaniuliza: "Mwalimu, ile milksheki inayoandikwa kwenye orodha za vinywaji mahotelini, kwa Kiswahili inaitwaje?" Kabla sijamjibu, mwenzake aliyeketi nyuma akadakia: "Haina jina, kwa sababu sisi hatukuwa na kitu kama hicho." Darasa likacheka. Nami sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nikawaomba wanipe muda.

Nilipofika nyumbani nilitambua kuwa maneno ya yule wa pili yalinisumbua kuliko swali la yule wa kwanza. Je, ni kweli kwamba sisi, watu wa nchi za Maziwa Makuu, hatukujua kuyatikisa maziwa? Ndipo nilipoamua kuitafuta historia ya kinywaji hiki. Nayaleta hapa niliyoyapata, nikitumaini yatawafaa walimu wenzangu ambao hapana shaka huulizwa maswali ya namna hii kila siku.

Milksheki ni kinywaji cha Marekani. Jina lake lilipoanza kuonekana katika magazeti ya huko, katika miaka ya 1880, halikuwa jina la kinywaji cha watoto. Lilikuwa jina la mchanganyiko wa maziwa, mayai na wiski, uliotikiswa kwa nguvu mpaka ukatoa povu, na watu wazima wakaunywa kwa kuamini kuwa hutia nguvu mwilini. Kufikia mwaka 1900 hivi, maana ya neno ilikuwa imegeuka. Sasa lilikuwa jina la maziwa yaliyotiwa shira ya chokoleti, ya vanila au ya stroberi.

Mahali pa kuyanywea palikuwa duka la dawa. Msomaji asishangae. Siku zile maji yenye gesi yalihesabiwa kuwa dawa, na mwenye duka la dawa ndiye aliyekuwa na mtambo wa kuyatengenezea. Ili yapendeze kinywani aliyatia shira, kisha akaongeza maziwa na aiskrimu, hata meza yake ikawa baraza ya mji, vijana kwa wazee wakikutana hapo.

Kuna mji mmoja ambao una haki ya kutajwa kuliko miji mingine katika habari hii. Mji huo ni Racine, katika jimbo la Wisconsin, ukingoni mwa Ziwa Michigan. Ndugu wawili kutoka Uingereza, James na William Horlick, walianzisha kampuni yao Chicago mwaka 1873, na mwaka 1876 wakahamia Racine. James alikuwa mfamasia. Mwaka 1883 walipata hataza ya unga wao, uliotengenezwa kwa kimea cha shayiri, ngano na maziwa yaliyokaushwa. Unga huo ulikusudiwa watoto wachanga na wagonjwa. Lakini wasafiri wa nchi za barafu waliupenda kwa kuwa ni mwepisi na hauozi. Kuna hata safu ya milima katika Bara la Antaktika iliyopewa jina la Horlick. Watu wenye afya nao waliupenda kwa utamu wake tu, wakataka utiwe katika maziwa yao dukani.

Unga huo ulihitaji kukorogwa sana. Basi katika mji ule ule wa Racine, kampuni ya Hamilton Beach, iliyoanzishwa mwaka 1910, ikatengeneza mashine ya umeme ya kukorogea vinywaji. Mwaka 1922 Stephen Poplawski, mhamiaji kutoka Poland aliyekaa Racine, aliomba hataza ya mashine yenye visu chini ya kikombe. Aliibuni kwa ajili ya vinywaji vya maduka hayo, nayo ndiyo mama wa mashine zote za kusagia matunda tulizo nazo leo. Mwaka huo huo wa 1922, huko Chicago, mfanyakazi wa duka la dawa la Walgreens aitwaye Ivar Coulson alitia vijiko viwili vya aiskrimu ya vanila katika maziwa ya kimea yenye shira ya chokoleti. Hapo ndipo milksheki nzito, ya kunywewa kwa mrija, ilipopata sura yake.

Wakati nao ulisaidia. Tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933 sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Vilabu vilipofungwa, watu walihamia kwenye meza za maduka ya dawa. Hivyo kinywaji kilichoanza maisha yake pamoja na wiski kikawa mrithi wa wiski.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo wasimulizi wengi wa habari hii hulisahau. Kinywaji hiki kisingaliweza kuenea kama maziwa yenyewe yasingalikuwa salama. Katikati ya karne ya 19, maziwa mengi ya mji wa New York yalitoka kwa ng'ombe waliofungiwa karibu na viwanda vya pombe, wakilishwa machicha ya moto. Ng'ombe hao waliugua, na maziwa yao yaliwaua watoto. Mwaka 1858 gazeti moja la picha lilifichua aibu hiyo. Mwaka 1893 mfanyabiashara Nathan Straus alifungua mjini humo vituo vya kuwapatia maskini maziwa yaliyochemshwa kwa kiasi cha kuua vijidudu, na mwaka 1908 Chicago ikawa mji wa kwanza wa Marekani kuamrisha jambo hilo kwa sheria. Mwaka 1918 mwanasayansi Alice Evans alichapisha uchunguzi wake ulioonyesha kuwa kijidudu kinachotupa mimba za ng'ombe ni ndugu wa kile kinachowapa watu homa ya vipindi. Wataalamu wengi wa kiume walimdharau kwa muda mrefu, wala yeye mwenyewe hakusalimika: aliambukizwa homa hiyo katika maabara yake.

Homa hiyo ingali pamoja nasi, hapa kwetu. Nimemuuguza jamaa yangu aliyeshikwa nayo kwa kunywa maziwa mabichi. Miezi mingi ilipita akipanda na kushuka, jasho usiku na maumivu ya viungo mchana. Kwa hiyo ninaposoma habari za Bibi Evans, sizisomi kama hadithi ya mbali.

Milksheki ilirudije nyumbani? Mwaka 1937 mwanamuziki Fred Waring aliingiza sokoni mashine iliyoitwa kwa jina lake, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine za namna hiyo, pamoja na majokofu, zikaenea katika majiko ya Marekani. Lakini wakati huo huo biashara iliivuta upande mwingine. Mwaka 1954 Ray Kroc, mchuuzi wa mashine za kukorogea, alisafiri hadi San Bernardino, California, kuwaona ndugu wawili wa ukoo wa McDonald. Alishangaa kwa nini duka moja la chakula lilihitaji mashine zake nane, kila moja ikikoroga vikombe vitano kwa pamoja. Mwaka uliofuata akafungua duka lake la kwanza chini ya jina lao. Tangu hapo watu wengi duniani wameijua milksheki kama kitu cha kununuliwa, wakasahau kuwa ni kazi ya dakika tatu jikoni.

Sasa turudi kwetu. Hapa Rwanda, tangu zamani, maziwa yaliyoganda hutiwa katika kibuyu kikubwa kiitwacho igisabo, nacho husukwa huku na huku mpaka siagi ijitenge. Kitendo hicho kwa Kinyarwanda ni gucunda. Majirani zetu wa Ankole, Uganda, wana kibuyu chao na ustadi wao. Mjini Kigali ziko baa za maziwa ambamo mtu huagiza ikivuguto, yaani mtindi wetu, kama wengine waagizavyo bia. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umezipa familia maskini ng'ombe, na hivyo maziwa yamefika katika nyumba ambazo hayakufika zamani. Nani basi atasema hatukujua kuyatikisa maziwa?

Lakini tusijidanganye kuwa vitu hivi viwili ni kimoja. Mama anayesuka igisabo hutumia maziwa yaliyoganda, yasiyo baridi sana, naye husuka kwa muda mrefu. Matone ya mafuta hugongana, hushikana, yakawa siagi. Atengenezaye milksheki hutumia maziwa baridi, hutikisa kwa muda mfupi, akitaka hewa iingie na kubaki ndani kama povu. Mwendo wa mkono ni mmoja. Baridi na muda ndivyo vinavyoamua kama utapata siagi au povu.

Mtu asiye na mashine asivunjike moyo. Achemshe maziwa, ayaache yapoe, kisha ayatie katika jokofu au katika maji ya baridi. Aponde ndizi mbivu moja laini kabisa, aichanganye na bilauri mbili za maziwa hayo, atie sukari au asali kidogo. Amimine katika chombo safi chenye kifuniko kinachobana, asikijaze kupita nusu, maana hewa nayo ni kiungo. Atikise kwa nguvu dakika mbili au tatu, na anywe papo hapo. Parachichi lafaa vilevile. Nanasi bichi halifai, kwa kuwa lina kitu kinachovunja protini za maziwa na kuyafanya machungu.

Limebaki suala la jina. Kiswahili hakijawahi kuona haya kupokea. Neno sharubati tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na asili hiyo hiyo ya Kiarabu imewapa Waingereza neno lao la shira. Basi milksheki ikikaa katika vinywa vya watu, haitatuvunjia lugha. Lakini kabla ya kukopa, yatupasa kufungua kabati letu wenyewe. Kitenzi kusuka hatukitumii kwa nywele na mikeka peke yake. Tunasuka maziwa pia. Kwa nini tusiseme maziwa ya kusukwa, au kwa urahisi zaidi, maziwa ya kutikisa?

Wiki iliyofuata niliyaeleza haya darasani. Yule mwanafunzi wa nyuma alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa nyanya yake kijijini bado ana igisabo, na kwamba yeye aliacha kukigusa tangu aanze masomo ya sekondari kwa sababu wenzake wangemcheka. Sikumwambia neno. Nilimpa zoezi tu: akienda likizo amwombe nyanya yake amfundishe, aandike kila neno la kazi hiyo kwa Kinyarwanda, na alete Kiswahili chake.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Urasmi huo hautakuwa na maana kubwa ikiwa lugha itajua majina ya vitu vya mahotelini tu na kuvisahau vya nyumbani. Daftari la kijana yule lilirudi na maneno thelathini na moja. Tisa kati yake hatujayapatia Kiswahili. Walimu wenzangu, tusaidianeni. Na maziwa, tafadhali, tuyachemshe kwanza.