Tangazo la Dublin la 1916: Fani, Maudhui na Bei ya Mnadani

Wahakiki wetu wana mazoea ya kuigusa fani kidogo kisha kukimbilia maudhui, kana kwamba fani ni ganda la ndizi, la kumenywa na kutupwa. Makala haya yanachukua karatasi moja tu, Tangazo la Jamhuri ya Ayalandi, kuonyesha jinsi mazoea hayo yanavyotupotosha.

Tangazo hilo lilichapwa kwa siri katika Liberty Hall, makao ya chama cha wafanyakazi mjini Dublin, Jumapili ya Pasaka, Aprili 23, 1916. Wapiga chapa walikuwa watatu, mtambo mkuukuu, na herufi za risasi hazikutosha. Wakafanyaje? Walipanga nusu ya juu, wakaichapa, wakazifumua herufi, halafu wakazitumia tena kuchapa nusu ya chini kwenye karatasi zilezile. Herufi "e" zilipokwisha, wakachomeka za aina nyingine. Kesho yake Patrick Pearse akalisoma hadharani mbele ya Posta Kuu. Kati ya watu saba waliotia majina yao, watatu walikuwa washairi: Pearse, Joseph Plunkett na Thomas MacDonagh, ambaye pia alikuwa mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza. Kufikia Mei 12 wote saba walikuwa wamepigwa risasi na Waingereza.

Zilichapwa nakala 1,000 hivi. Chache zilizosalia zimeuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya euro. Na mnunuzi anakagua nini? Zile "e" ngeni! Kumbe kasoro ndizo zinazosaidia kuthibitisha kwamba karatasi si ya kughushi. Mkusanyaji, basi, anaisoma fani kwa makini kutushinda sisi tunaoisomea.

Lakini naye anaishia njiani. Tangazo linadai kwamba Ayalandi ni mali ya watu wake. Karatasi yenyewe, ikipigwa mnada, inakuwa mali ya mwenye fedha. Mgongano huo haonwi na anayesoma maudhui peke yake, wala na anayekagua herufi peke yake. Waliodai nchi nzima hawakuwa hata na herufi za kutosha kuandikia dai lao: hapo fani na maudhui ni kitu kimoja. Jamani, kazi ya kusema hivyo ni yetu. Tusiwaachie madalali.