Daftari la Msomaji: Mafunzo ya Njia ya Bagamoyo kwa Watumishi wa Neno

Utangulizi

Mtumishi anayeishi karibu na maktaba huona kitabu kuwa mwenyeji. Kipo rafuni leo, na kesho atakikuta pale pale. Lakini mtumishi aliyepangiwa kazi Makurunge, kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo upande wa njia ya Saadani, anajua kwamba kitabu ni mgeni. Huazimwa kwa mwenzake, husomwa kwa siku chache, usiku zaidi kuliko mchana, kisha hurudi kwa mwenyewe. Kitabu kikiisha kuondoka, kinabaki nini?

Wengi wetu hujibu kwamba kinabaki kichwani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba Kanisa halikuridhika na jibu hilo tangu zamani, na kwamba walimu wa pwani yetu nao hawakuridhika nalo. Tutatazama kwa ufupi desturi ya kuandika kwa mkono habari za vitabu visomwavyo. Kisha tutafuata madaftari mawili yaliyopita Bagamoyo kati ya mwaka 1872 na 1874, na mwisho tutauliza yanatudai nini sisi tulio katika huduma leo.

Kalamu ya msomaji katika Kanisa

Maandiko yenyewe yanaunganisha kusoma na kuandika. Kumbukumbu la Torati 17:18-19 inamwagiza mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya torati, akae nayo na kuisoma siku zote za maisha yake. Mfalme alikuwa na makuhani na waandishi wa kutosha kumfanyia kazi hiyo, hata hivyo agizo linamtaka awe na nakala yake mwenyewe. Naye Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anamwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake (2 Tim. 4:13). Baridi ilihitaji joho, na akili ilihitaji vitabu.

Katika karne ya 9, Photius, aliyepata kuwa Patriarki wa Konstantinopoli, aliandika kwa ajili ya ndugu yake Tarasius muhtasari wa vitabu alivyovisoma, karibu 280 kwa hesabu. Kwa kila kimoja alieleza kilichomo, na mara nyingi akatoa hukumu yake kuhusu mtindo na mafundisho ya mwandishi. Baadhi ya vitabu hivyo vimepotea kabisa, na tunavijua kwa sababu tu msomaji mmoja alitumia kalamu alipokuwa akisoma. Hapa daftari la msomaji limeishi kuliko kitabu chenyewe.

Martin Luther naye alisoma kalamu ikiwa mkononi. Alipokuwa Erfurt mwaka 1509 na 1510 aliandika maelezo katika pambizo za vitabu vya Augustino na Petro Lombardo, na maelezo hayo yaligunduliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Zwickau. Mwaka 1513, alipojiandaa kufundisha Zaburi huko Wittenberg, aliagiza maandiko ya Zaburi yachapwe yakiwa na pambizo pana na nafasi kati ya mistari, ili yeye na wanafunzi wake waandike ndani yake. Ukurasa wenyewe ulimdai mwanafunzi aandike.

Mwenzake Philipp Melanchthon aliwafundisha wanafunzi kupanga waliyosoma chini ya vichwa vya mambo: dhambi, sheria, neema, imani na vinginevyo. Kitabu chake cha mwaka 1521, kinachohesabiwa kuwa utaratibu wa kwanza wa mafundisho ya Kilutheri, kinabeba jina la vichwa hivyo, *Loci communes*, nacho kilitokana na masomo yake juu ya Waraka kwa Warumi. Kwa hiyo mwanafunzi wa teolojia anayegawa daftari lake kwa vichwa anafuata njia ile ile ambayo kwayo mafundisho yetu yalianza kupangwa.

Kusoma kitabu kwa mwalimu

Isidhaniwe kwamba jambo hili liliingia pwani pamoja na wamisionari. Katika madarasa ya Kiislamu ya Lamu, Mombasa, Unguja na Bagamoyo, haikutosha kusema kwamba mtu fulani amesoma. Watu waliuliza amesoma kitabu gani, na amekisoma kwa nani. Mwanafunzi aliyemaliza kitabu mbele ya sheikh wake aliweza kupewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha, yenye jina la mwalimu na la mwalimu wa mwalimu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, hueleza maisha ya wanavyuoni hao kwa kutaja walimu waliowasomesha na vitabu walivyosomeshwa.

Bagamoyo ina shahidi wake pia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyetoka Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu *Desturi za Wasuaheli* alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Mambo mengi ya pwani ya wakati ule, pamoja na mafundisho ya watoto chuoni, tunayajua kwa sababu mtu wa pale pale aliyaandika kwa lugha yake. Wazee wengine wa rika lake walijua kama yeye au kuliko yeye, lakini hawakuandika, na ujuzi wao ulizikwa pamoja nao.

Mchungaji wa pwani anaishi kati ya majirani wenye kumbukumbu ya namna hii. Wanapomuuliza elimu yake ameipata wapi, hawamvunjii heshima. Wanamwuliza swali ambalo mji wao umezoea kumwuliza kila mwalimu.

Daftari la Manyema

Sasa tufike kwenye madaftari mawili tuliyoyataja. La kwanza ni la David Livingstone. Tarehe 3 Oktoba 1871 aliandika kwamba, katika muda aliokaa Manyema, aliisoma Biblia nzima mara nne. Hakueleza zaidi.

Maneno hayo machache yanapata uzito yakiwekwa karibu na yale aliyoyaandika miezi mitatu kabla. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona watu wa misafara wakiwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la Kiingereza, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huko. Wino huo ulififia hata sehemu kubwa ikawa haisomeki, mpaka wataalamu walipotumia picha za mwanga wa namna mbalimbali na kutoa maandishi hayo hadharani mwaka 2011. Basi aliyeshuhudia mauaji ya Nyangwe ni mtu yule yule aliyekuwa akiirudia Biblia tangu Mwanzo hata Ufunuo. Bila mstari ule wa Oktoba tungejua safari yake tu, wala tusingejua alichokuwa akikisoma alipokuwa akiona hayo.

Livingstone alimkabidhi Henry Morton Stanley daftari lake kubwa walipoagana mwezi Machi 1872, na tarehe 6 Mei mwaka huo Stanley alifika nalo Bagamoyo.

Daftari la Jacob Wainwright

Daftari la pili linatuhusu zaidi. Jacob Wainwright alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa bado mtoto, akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, India. Mwaka 1872 alipelekwa pamoja na wenzake kumsaidia Livingstone. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, wenzake walimhitaji Jacob kwa elimu yake. Masanduku ya marehemu yalipofunguliwa mbele ya wote, yeye ndiye aliyeombwa kuorodhesha vilivyokutwa, ili baadaye mtu asije akawashitaki kwa wizi. Moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mti, yeye ndiye aliyesoma ibada ya mazishi, kisha akachonga jina na tarehe katika mti ule.

Baada ya hapo Abdullah Susi, James Chuma, Jacob na wenzao waliubeba mwili pamoja na maandishi ya marehemu, safari ya zaidi ya kilometa 1,500. Huko Unyanyembe walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili pale pale. Walikataa, wakaendelea mpaka pwani, na Februari 1874 walifika Bagamoyo katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kutoka huko Jacob aliufuata mwili hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza katika mazishi ya Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Katika safari hiyo Jacob aliandika daftari lake. Si daftari la vitabu, na tusilifanye liwe hivyo. Lakini ni kazi ya msomaji. Mkono uliozoea kufuata mistari ya Kitabu cha Sala ndio uliojua kwamba neno likiandikwa lina nguvu ya ushahidi. Tafsiri ya Kijerumani ya daftari lake ilitokea mwaka huo huo wa 1874. Daftari lenyewe limetunzwa huko Blantyre, Uskoti, na picha za kurasa zake zilitolewa hadharani mwaka 2019, miaka 145 baada ya kupita Bagamoyo. Jacob alifariki Urambo mwaka 1892. Kwa miaka mingi habari za msafara ule zilisimuliwa zaidi kwa kalamu za watu ambao hawakuwapo. Hata hivyo, kwa kuwa aliandika, Jacob hakuweza kunyamazishwa moja kwa moja.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, daftari ni maktaba ya asiye na maktaba. Mtumishi wa Makurunge hawezi kukizuia kitabu cha watu, lakini anaweza kukizuia kile kilichomfaa ndani yake. Aandike tarehe, jina la kitabu na la mwandishi, na kitabu ni cha nani. Aandike hoja kuu kwa maneno yake mwenyewe, ukurasa uliomgusa, na jambo asilokubaliana nalo. Kisha aandike swali moja la washarika ambalo kitabu kimelijibu au kimeshindwa kulijibu. Swali hili la mwisho linalinda daftari lisiwe orodha ya kujivunia idadi ya vitabu. Filipo hakumwuliza Mkushi amesoma magombo mangapi, alimwuliza kama anaelewa anayoyasoma (Mdo. 8:30).

Pili, daftari ni uwakili. Mhubiri asiyejua mawazo yake yametoka wapi huweza kutoa ya mwingine kama yake, au kuendelea kufundisha kosa aliloliokota mahali asipopakumbuka. Jirani yetu Mwislamu akiuliza tumesoma kwa nani, daftari linatupa jibu la kweli. Na tukisoma vitabu vya imani yake, linatusaidia kumnukuu kwa haki, kwa maneno aliyoyasema mwandishi wake badala ya yale tunayosikia barazani.

Tatu, daftari ni ushahidi wa Kanisa. Sharika zetu hutunza vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Hakuna kinachosema mwinjilisti wa mtaa alikuwa akisoma nini mwaka wa njaa au wa mafuriko, wala ni neno gani lililomtia nguvu. Akifariki, madaftari yake huliwa na mchwa, au kurasa zake hufungia karanga. Baadaye mwanahistoria akija hukuta barua na taarifa za wageni, akaandika historia yetu kwa hizo, nasi tunalalamika. Dawa yake iko mikononi mwetu. Daftari liwekwe katika sanduku la bati, mbali na unyevu wa bahari. Siri za maungamo zisiandikwe humo kabisa. Na mwenye daftari, angali hai, aseme litakwenda kwa nani, iwe kwa jamaa yake, kwa chuo au kwa dayosisi.

Hitimisho

Wako wanaosema kwamba imani huja kwa kusikia (Rum. 10:17), na kwamba Kanisa la vijijini ni la masikio kuliko la kalamu. Neno hilo ni kweli, nalo limetufikia kwa njia inayostahili kuangaliwa. Mwishoni mwa waraka huo huo anajitokeza mtu aitwaye Tertio, aliyeuandika kwa mkono wake, akatoa salamu zake katika Bwana (Rum. 16:22). Paulo alisema na Tertio akaandika, na kwa kuwa aliandika, Makurunge leo inasikia. Kila mchungaji, mwinjilisti na mwanafunzi wa teolojia na awe na daftari moja la vitabu, kabla ya kitabu kilichoko mkononi mwake leo kurudi kwa mwenyewe.