Mpagazi Aliyetua Mzigo: Historia ya Haki ya Kujaribu

Historia ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora imeandikwa kwa kumfuata anayetembea. Tunajua kwamba Burton na Speke walifika Kaze mwezi Novemba 1857. Tunajua kwamba Livingstone aliondoka Kwihara mwezi Agosti 1872, na kwamba Tippu Tip alipita huku akielekea Manyema kutafuta pembe. Wapagazi waliowabebea vitu vyao wamebaki katika vitabu kama hesabu tu: mia mbili walioajiriwa, hamsini waliotoroka, kadhaa waliokufa. Aliyeugua katikati ya safari, akatua mzigo na kushindwa kuuinua tena, hutajwa kwa sentensi moja, nayo sentensi yenyewe mara nyingi ni ya kulalamikia usumbufu aliouleta.

Nataka leo tumfuate huyo. Swali alilolikabili njiani bado halijajibiwa na sheria zetu: mtu aliyeugua au kulemaa, akawa anapokea msaada, kisha akaanza taratibu kujitafutia riziki kwa mikono yake, ahesabiwe kuwa ni nani? Je, ni mgonjwa anayestahili kuendelea kusaidiwa, au ni mzima anayestahili kuachwa?

Tuanze na utaratibu wa kazi yenyewe. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, upagazi wa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya ujira. Vijana wa Unyanyembe na kwingineko walijiunga na misafara kwa hiari, walipatana bei, na waligoma bei isipowaridhisha. Safari ya kwenda Pwani ilikuwa ya kilomita zaidi ya 800 na iliweza kuchukua miezi mitatu, mpagazi akiwa na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Alilipwa kwa nguo, shanga na waya, na baadaye kwa fedha.

Msomaji azingatie kwamba malipo hayo yalikuwa ya namna mbili. Ulikuwapo ujira, na ilikuwapo posho. Ujira ulifungamana na mzigo kufika. Posho, ambayo kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, ilifungamana na mtu kuwa hai. Mpagazi aliyeshikwa na homa lakini akaweza kujikokota aliondolewa mzigo, wenzake wakaugawana, naye akaendelea kula. Asiyeweza hata kujikokota alibebwa mzegazega, watu wawili na mti mmoja, ikiwa msafara ulikuwa na watu wa kutosha na kiongozi mwenye utu.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo wanahistoria wa uchumi hulitaja na watu wa ustawi wa jamii hawalijui. Mpagazi alikuwa na kifurushi chake mwenyewe. Juu ya mzigo wa tajiri alichukua vitu vyake vya kuuza: majembe ya chuma yaliyofuliwa Unyamwezi, ambayo Ugogo yalibadilishwa kwa mbuzi, chumvi, au kipande cha nguo alichokiweka akiba. Alikuwa mwajiriwa na mchuuzi kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo aliyeachwa kijijini ili apone alikuwa na mambo mawili ya kushika: ukarimu wa wenyeji, na kifurushi chake. Angeweza kuuza jembe leo, kesho akalala na homa, keshokutwa akasaidia kupura mtama wa mwenyeji wake. Hakulazimika kuthibitisha kwa mtu yeyote kwamba ni mgonjwa kamili ili ale, wala kwamba ni mzima kamili ili auze.

Sisemi kwamba njia ile ilikuwa na huruma. Ndui iliwapiga wapagazi na waliougua waliachwa porini kwa hofu ya kuambukiza. Katika Mgunda Mkali, ile nyika kame kati ya Ugogo na Unyamwezi, aliyeanguka mara nyingi hakuinuka tena, na msafara haukurudi nyuma kwa ajili yake. Anayetaka kutuuzia zama za misafara kama paradiso ya Kiafrika ana deni kwa mifupa iliyobaki kule.

Ila ndani ya ukatili huo, jamii zilizoishi kando ya njia zilijenga kitu ambacho sisi tumekigeuza kichekesho cha misibani: utani. Wanyamwezi wana watani wao, Wazaramo na Waziguwa wakiwa miongoni mwao, na ukitazama ramani utaona kwamba watani hao wamekaa palepale njia ilipopita. Mnyamwezi aliyefika Uzaramo akiwa hoi hakuwa mgeni asiye na mtu. Mtani wake alikuwa na wajibu wa kumlisha, na akifa, wa kumzika. Naye mgeni aliruhusiwa kuchukua chakula cha mtani bila kukemewa, kwa masharti ya kutukanwa.

Hili la kutukanwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wataniuliza mara moja: je, wadanganyifu? Je, mtu anayejifanya mgonjwa ili ale bure? Utani ulikuwa na jibu lake. Aliyeng'ang'ania mkeka ilhali nguvu zimemrudia alifanyiwa mzaha hadharani mpaka aibu ikamwinua. Hakuhitajika daktari wala fomu. Wakati huohuo, aliyejaribu kulima akashindwa, akarudi kulala, hakupoteza haki yake ya chakula, kwa sababu haki hiyo haikutokana na kiwango cha ugonjwa wake. Ilitokana na yeye kuwa mtani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa, isipokuwa kwa ufufuo wake wa kutisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mfanyakazi mpya wa reli na wa mashamba ya mkonge alikuwa mtu wa mshahara, na sheria ya fidia iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1940 ilimwangalia kwa jicho la mshahara. Sheria hiyo ilikuwa na jedwali la viungo: kidole kina asilimia yake, jicho lina asilimia yake, mguu una asilimia yake. Aliyeumia kazini alilipwa kwa mkupuo, kisha akarudi kijijini. Nani alijua alizifanyia nini fedha hizo? Ubahili wa sheria ile ulikuwa na uhuru ndani yake, kwani hakuna aliyekuja baadaye kuchungulia kama kilema yule ameanza kuuza ugoro.

Baada ya uhuru tulitunga vya kwetu. Mwaka 1982, mara baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, Bunge lilipitisha sheria mbili kwa mfuatano. Sheria Na. 2 ilihusu ajira za watu wenye ulemavu, Sheria Na. 3 ilihusu matunzo yao. Nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba hakuna ushahidi ulio wazi zaidi wa fikra zetu kuliko namba hizo mbili. Mwenye ulemavu aliyeweza kazi aliwekwa katika sheria ya kwanza, naye mwajiri akabanwa kumwajiri. Asiyeweza aliwekwa katika ya pili, na ndugu wakabanwa kumtunza. Aliye katikati, mwenye siku tatu njema kwa juma na nne mbaya, anayetaka kufuga kuku badala ya kuajiriwa, hakuwa na ukurasa wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifuta zote mbili na kuleta lugha ya haki, jambo jema kabisa. Hata hivyo, kifungu chake cha ajira kinachotajwa zaidi ni kile cha kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu ni watu wenye ulemavu. Katika Urambo, Sikonge au Uyui, ambako watu wanaishi kwa tumbaku, mahindi na asali, ni waajiri wangapi wa namna hiyo?

Mifuko yetu ya leo imerithi mgawanyo huo. Pensheni ya ulemavu ya NSSF inadai mtu awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Aliyeanzisha genge la nyanya na likachangamka, je, hajajitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, ni afadhali kwa ulemavu wa kudumu, maana unapima mwili kuliko mapato. Lakini mlango wake ni wa mwajiriwa. Kijana wa bodaboda anayejiendesha mwenyewe, akivunjika mguu pale stendi ya Tabora, hana mwajiri wa kumchangia.

Kwa hiyo kaya nyingi maskini zenye mgonjwa au mlemavu hujikuta kwenye ruzuku ya TASAF. Mpango huu una nia njema kwa anayejaribu: umetoa ruzuku ya uzalishaji, umehimiza vikundi vya kuweka akiba. Pia una neno lake la heshima, kuhitimu, kwa kaya iliyoonekana kuinuka. Tatizo langu ni na neno hilo. Mwanafunzi akihitimu hafutiwi alichojifunza mwaka wa njaa ukija. Kaya ya mgonjwa huinuka mavuno yakiwa mazuri na maradhi yakiwa yametulia, ikaanguka masika ijayo. Mama anayeelewa hivyo hufanya hesabu ya busara kabisa: huficha kuku wake siku ya uhakiki. Tumemfundisha kuogopa maendeleo yake mwenyewe, halafu tunamwita mtegemezi.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo mbili ni za watu wenye ulemavu, haizibi pengo hili. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na tuishukuru. Ila mkopo ni mzigo wenye tarehe ya kufika. Aliyelazwa mwezi mzima hana marejesho ya mwezi huo, na katika kikundi wenzake ndio wanaombebea.

Ninachopendekeza kinaweza kuandikwa ndani ya kanuni bila kusubiri sheria mpya. Kaya yenye mgonjwa wa muda mrefu au mtu mwenye ulemavu itamke wazi kwamba inaanza biashara. Tangu siku hiyo ruzuku yake isiguswe kwa miezi 24, faida iwepo au isiwepo. Baada ya hapo ipunguzwe kwa hatua, na biashara ikifa, kaya irudishwe kwenye orodha bila kusubiri uandikishaji mwingine. Tabora pana mahali pa kufanyia jaribio: Chuo cha Luanzari, kilichofundisha ufundi kwa watu wenye ulemavu, kikakaa kimefungwa kwa miaka, kikafufuliwa. Anayetoka pale na cherehani yake anafahamika jina, kijiji na fani. Halmashauri inaweza kuanza na hao.