Kifaru, Land Rover na Fundi: Mitambo ya Kuendeshea Magari Masasi na Newala

Gari linalofanya kazi kati ya Masasi na Newala hukutana na mchanga na mpando. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vinavyochomoza kimoja kimoja kwenye tambarare. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na anayesimama pale huliona bonde la Ruvuma likiwa chini ya miguu yake. Juu ya uwanda mvua huzama mchangani na hakuna mto. Kwa vizazi vingi maji yalipandishwa vichwani na wanawake kutoka chemchemi za bondeni, hivyo hata rejeta ya gari iliyochemka ilikuwa ikigombea maji na mtungi wa nyumbani.

Kabla ya magari, mzigo ulikwenda kwa kichwa na bega. Wamisheni wa UMCA walioanzisha makazi Masasi mwaka 1876 waliishi kwa wapagazi, na miaka 40 baadaye majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza nayo yalifanya vivyo hivyo. Ndorobo waliwaua punda na ng'ombe, na magari machache ya wakati ule yalikwama. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipita Newala akielekea Ruvuma na kuvuka kuingia Msumbiji, na majeshi ya Waingereza waliokuwa wakimfuata yalilishwa kwa vichwa vya wapagazi.

Mitambo mizito iliingia ukanda huu kwa njia ya karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga kwa mashine Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka uliofuata mpango ulikubaliwa: zaidi ya ekari milioni 3, hasa Tanganyika, kwa makadirio ya pauni karibu milioni 25. Kazi ilianzia Kongwa, ikafuata Urambo, na kusini ikachaguliwa Nachingwea, kaskazini mwa Masasi. Kutoka pwani ilijengwa reli ya kupeleka vifaa bara na kuteremsha karanga, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara.

Tatizo la kwanza lilikuwa kupata matrekta. Viwanda vilikuwa vimetoka vitani na foleni ya wanunuzi ilikuwa ndefu, kwa hiyo mawakala wa mpango walinunua mitumba ya jeshi. Mengi yalifika yakiwa yamechoka, na Kongwa, kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ilikuwa imesimama ikisubiri spea. Hapo ndipo kampuni ya Vickers-Armstrongs ilipopewa kazi ya kugeuza vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani kuwa matrekta. Jina la trekta hilo liliunganisha Sherman na Vickers: Shervick.

Wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Sherman ilikuwa na sifa ambazo fundi yeyote angezipenda. Magurudumu yake madogo yalifungwa mawili mawili kwenye bogi zilizokaa nje ya mwili, kila bogi ikiwa na springi zake na bolti zake. Bogi moja ikivunjika, inafunguliwa na kuwekwa nyingine bila kugusa chochote cha ndani. Baadhi ya vifaru hivyo vilikuwa na injini mbili za diseli zilizounganishwa kwenye shafti moja, kila moja na klachi yake, na ikilemaa moja nyingine iliweza kukiburuta kifaru mpaka kambini.

Lakini mpangilio wa mtambo wa kuendeshea ulikuwa wa kivita. Injini ilikaa nyuma, giaboksi na difu zikakaa mbele, na kati yao shafti ndefu ikapita chini ya sakafu ya askari. Giaboksi ikiharibika, bamba la pua ya kifaru hufunguliwa bolti moja baada ya nyingine na mtambo mzima wa mbele ukavutwa nje, mzigo wa tani kadhaa. Jeshi lilikuwa na magari ya winchi nyuma ya kila kikosi. Porini, ambako karakana bado ilikuwa hema na mabati, kazi hiyo ilimaanisha mashine kulala wiki nzima ikingojea winchi. Tena kifaru kilitengenezwa kikimbie kwa muda mfupi kisha kipumzike. Trekta huvuta taratibu kutwa nzima, kwa gia ya chini, katika vumbi linalokwangua beringi na sili za mafuta. Kuondoa mnara na deraya kulipunguza uzito tu. Mtambo wenyewe ulibaki wa kifaru. Mwandishi wa historia ya mitambo anaweza kuona katika Shervick kosa moja la msingi: waligeuza umbo la gari, wakaacha mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. Vickers wenyewe walilielewa somo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatoa trekta jipya la minyororo, Vigor, lenye injini ya Rolls-Royce, lililobuniwa tangu mwanzo kwa kazi ya kuvuta.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango kwa kiwango ulichokusudiwa, ikiwa imeshapoteza zaidi ya pauni milioni 35. Nachingwea ilipunguzwa ikawa mashamba ya majaribio. Mashamba yaliyopewa namba yalibaki na namba zake, na moja kati yake, Farm 17, likawa baadaye kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO. Reli ilifikishwa Masasi mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mizigo haikutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na reli zikang'olewa. Korosho, zilizokuwa zimeanza kuwa zao kuu la Masasi na Newala, zikabaki kwa lori, na lori zikabaki kwa mchanga.

Kilichofanikiwa kwenye njia hizo kilikuwa kidogo kuliko kifaru. Land Rover ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Ilianza na magurudumu manne yanayovuta muda wote, lakini kuanzia miaka ya 1950 dereva alichagua mwenyewe: kitufe cha njano kikikandamizwa, magurudumu ya mbele yanaingia kuvuta, na mkono mwekundu unaweka gia ya chini kwa ajili ya mchanga mzito. Ile ndefu iliyoitwa 109, yenye nafasi ya abiria nyuma, ndiyo iliyokuja kuzoeleka sana vijijini.

Ubora wake kwa fundi wa Newala unaonekana hasa pale hafu shafti inapokatika, ajali ya kawaida gari linapong'ang'ana kutoka mchangani. Katika matoleo ya baadaye gurudumu lilibebwa na beringi zake lenyewe, na hafu shafti kazi yake ilikuwa kuzungusha tu. Fundi anafungua bolti sita kwenye kitovu cha gurudumu na kuivuta shafti nje, jeki haihitajiki. Kipande kilichobaki ndani ya difu kinavuliwa kwa waya uliopindwa. Kama hakuna shafti nyingine, hafu shafti zote mbili za nyuma zinatolewa, kitufe cha njano kinakandamizwa, na gari linarudi nyumbani likivutwa na magurudumu ya mbele, polepole, abiria wakiwa juu ya magunia. Giaboksi nayo hutolewa kupitia ndani ya kibanda: viti na vibati vya sakafu vinafunguliwa, mnyororo unafungwa kwenye tawi nene la mwembe, na giaboksi inainuliwa na kupitishwa mlangoni. Karakana chini ya mwembe, yenye tawi badala ya winchi, iliweza kufanya kazi ambayo kwa Sherman ilihitaji jeshi.

Usahili huo ndio uliojenga kazi ya ufundi mijini Masasi na Newala. Spea ilikuwa ile ile kwa gari la misheni, la serikali na la mfanyabiashara, na gari bovu lilikuwa ghala la magari mazima. Yaliyoharibika kabisa yaliegeshwa nyuma ya karakana na kukatwa kidogo kidogo, hafu shafti kwanza, difu baadaye, mpaka libaki bati lenye kutu na kuku wanaotagia ndani.

Ujenzi wa lami kwenye barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilometa 210, umeanza kubadilisha hesabu hiyo, na sehemu ya Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50, ilitangulia. Mchanga ukifunikwa, gari dogo lisilo na magurudumu manne ya kuvuta linatosha. Mizigo midogo ya kijijini imehamia kwenye bodaboda, na mpangilio wake ni wazi kuliko wote: injini katikati, mnyororo mmoja unaoonekana, sproketi mbili. Mchanga wa uwanda hula mnyororo huo haraka, na fundi wa pikipiki wa Newala huuvua kwa spana mbili, akiwa amechuchumaa barabarani huku mteja akisubiri juu ya kiti chake.