Peni nne za mfanyakazi: bima ya afya ya Uingereza wakati wa mafua na mdororo wa uchumi

Katika makala haya ya historia tunarejea London ya karne iliyopita, kutazama jinsi bima ya afya ya serikali ilivyokabili misiba miwili iliyofuatana: maradhi ya mafua ya mwaka 1918 na ukosefu wa kazi ulioanza miaka miwili baadaye.

Msikilizaji mpendwa, siku hizi linapotajwa suala la bima ya afya kwa wote, iwe Nairobi, Dodoma au Kampala, swali huwa ni lilelile: nani atalipa, na yule asiye na mshahara atatibiwa kwa fedha za nani? Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kenya nayo, mwezi Oktoba 2024, ilianza kutumia mfuko mpya wa afya ya jamii mahali pa ule wa NHIF ulioasisiwa mwaka 1966. Waingereza waliulizana swali hilo zaidi ya karne moja iliyopita, na majibu waliyoyatoa yalibadilika kila hali ya uchumi ilipobadilika.

Mwaka 1908 Waziri wa Fedha wa Uingereza, David Lloyd George, alifunga safari kwenda Ujerumani. Huko, bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi ilikuwa imeanzishwa tangu mwaka 1883, enzi za Kansela Bismarck, naye alitaka kujionea mwenyewe inavyoendeshwa. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1911, Bunge la Westminster likapitisha Sheria ya Bima ya Taifa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kila wiki mwajiri alinunua stempu posta na kuibandika kwenye kadi ya mfanyakazi. Mwanamume alikatwa peni 4 katika mshahara wake, mwajiri akaongeza peni 3, na serikali ikatia sehemu yake iliyohesabiwa kuwa peni 2. Lloyd George, ambaye hakuwahi kupungukiwa na maneno, akawatangazia wananchi kwamba wanapata peni tisa kwa kutoa peni nne. Mwanachama alipougua alilipwa shilingi 10 kwa wiki hadi wiki 26, na kisha shilingi 5 ikiwa bado hajiwezi. Mwanamke alilipwa shilingi 7 na nusu, maana hata ugonjwa ulikuwa na bei mbili. Zaidi ya hayo, mwanachama alikuwa na haki ya kutibiwa na daktari aliyejiandikisha katika orodha ya eneo lake bila kumlipa chochote. (Shilingi tunayoitaja hapa ilikuwa ishirini kwa pauni moja, nayo ndiyo mama wa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoingizwa huko mwaka 1921 kwa thamani sawa na hiyo ya Waingereza.)

Mpango huo haukupokewa kwa shangwe. Novemba 1911 mabibi wa nyumba kubwa za London walikusanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall kupinga kulazimishwa kubandika stempu kwa ajili ya watumishi wao. Chama cha madaktari kilitishia kususia, hadi Januari 1913 ususiaji huo uliposambaratika, kwani madaktari wa mitaa ya maskini waligundua kwamba serikali ni mlipaji mwaminifu kuliko mgonjwa mwenyewe. Fedha zenyewe hazikuwekwa katika mfuko mmoja. Ziligawanywa kwa vyama vilivyoidhinishwa: vyama vya kusaidiana, vyama vya wafanyakazi, na kampuni kubwa za bima kama Prudential ya mtaa wa Holborn.

Ni vyema tukayataja pia yale ambayo sheria iliyaacha nje, kwa sababu ndiyo yaliyokuja kudai haki yake baadaye. Mke wa mfanyakazi hakuwamo, isipokuwa kwa ile fedha ya uzazi ya shilingi 30. Watoto hawakuwamo. Matibabu ya hospitali hayakuwamo, ila kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Lloyd George alikusudia awali kuwawekea pensheni wajane na mayatima, lakini kampuni za bima, zilizokuwa zikiuza bima za maisha na mazishi mlango kwa mlango, zilipinga, na kifungu hicho kikaondolewa. Kisha kulikuwa na kanuni ndogo ambayo wachache waliitilia maanani: malipo ya ugonjwa yalianza siku ya nne. Siku tatu za kwanza zilikuwa za mgonjwa mwenyewe.

Mafua yaingia London

Katika kiangazi cha mwaka 1918, vita kuu vikiwa bado havijakwisha, homa ya mafua iliingia London. Wimbi la kwanza lilipita bila kuua wengi. La pili, la Oktoba na Novemba, ndilo lililotisha. Katika wiki mbaya kabisa watu zaidi ya 2,000 walikufa kwa mafua katika jiji hilo pekee. Wimbi la tatu lilikuja mapema mwaka 1919. Yanapohesabiwa yote, Uingereza ilipoteza watu wapatao 228,000.

Lloyd George mwenyewe, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, hakusalimika. Septemba 1918 alikwenda Manchester kupokea heshima ya jiji, akaanguka kitandani kwa mafua na kulazwa siku kadhaa ndani ya jengo la halmashauri ya jiji. Wasaidizi wake walificha ukubwa wa ugonjwa wake, wakichelea adui asije akafurahi.

Mafua yale yalikuwa na tabia ya ajabu. Kwa kawaida homa ya namna hiyo huwachukua wazee na watoto wachanga; hii iliwachukua vijana wenye nguvu, wa umri wa miaka 20 hadi 40, yaani watu walewale waliobandikiwa stempu kila wiki. Nao madaktari walikuwa wapi? Takriban nusu yao walikuwa wamechukuliwa na jeshi. Waliobaki, wengi wao wazee, walirithi orodha za wenzao pamoja na zao, wakazunguka mitaa ya mashariki ya London usiku na mchana, mikononi wakiwa na aspirini, kwinini na ushauri wa kulala. Dawa ya kuponya haikuwapo.

Hapo ndipo ile kanuni ya siku tatu ilipoonyesha sura yake. Wako waliougua Jumatatu na kuzikwa kabla ya wiki kwisha, na kwa hao bima ya taifa haikutoa hata peni moja ya ugonjwa. Mjane naye hakuwa na fungu. Kama mumewe alikuwa akilipa peni zake kwa wakala wa kampuni ya bima aliyepita mlangoni, alipata fedha za jeneza. Kama hakulipa, alikwenda kwa walezi wa maskini wa mtaa wake, jambo ambalo Mwingereza wa wakati ule aliliona ni fedheha kuliko njaa.

Jambo moja, hata hivyo, lilibadilika. Tangu mwaka 1917 kulikuwa na hoja ya kuunda wizara moja ya afya badala ya kuacha kazi hiyo imetawanyika katika idara mbalimbali. Vifo vya mafua viliipa hoja hiyo nguvu ambayo haikuwa nayo. Mwaka 1919 Wizara ya Afya ikaundwa, na waziri wake wa kwanza akawa Dakta Christopher Addison, mbunge wa mashariki ya London, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa anatomia. Bima ya afya ikawekwa chini yake. Kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu, mwaka 1920 malipo ya ugonjwa yaliongezwa kuwa shilingi 15 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke, na michango ikapanda pia.

Kazi inapokosekana

Neema hiyo haikudumu. Kufikia katikati ya mwaka 1921 Waingereza zaidi ya milioni 2 hawakuwa na kazi. Ugumu wa bima inayosimama juu ya mshahara ni kwamba mshahara ukikatika, stempu hukatika. Na stempu zikikatika, haki ya kutibiwa huanza kuyeyuka palepale ambapo njaa inaleta maradhi. Serikali iliona wazi kwamba maelfu wangefutwa katika vitabu vya vyama, na mwaka 1921 ikapitishwa sheria ya kurefusha uanachama wa wasio na kazi. Sheria za namna hiyo ziliendelea kupitishwa moja baada ya nyingine, kila moja ikiitwa ya muda.

Wakati mkono mmoja ukirefusha, mwingine ulikata. Addison aliondolewa katika wizara mwaka huohuo, akilaumiwa kwa gharama ya nyumba alizotaka kuwajengea wafanyakazi. Malipo ya daktari kwa kila mtu katika orodha yake, yaliyokuwa shilingi 11 kwa mwaka, yalishushwa hadi 9 na nusu mwaka 1922, na kisha 9 mwaka 1924, baada ya madaktari kutishia kujiuzulu kwa pamoja.

Mtaa mmoja ulikataa. Poplar, mtaa wa makuli wa bandari, ulitakiwa kulipa mchango wake kwa halmashauri kuu ya London huku ukiwalisha wasio na kazi wake mwenyewe kwa kodi ya nyumba za watu maskini. Mitaa tajiri ya magharibi haikuwa na mzigo huo. Madiwani wa Poplar, wakiongozwa na George Lansbury, walikataa kukusanya kodi hiyo, na Septemba 1921 madiwani 30 wakafungwa, wanaume gereza la Brixton na wanawake Holloway. Baada ya wiki kama sita waliachiwa, na Bunge likapitisha sheria ya kugawana gharama za maskini kati ya mitaa yote ya London. Diwani Minnie Lansbury, mkwe wa George, alitoka Holloway akiwa dhaifu. Alifariki dunia kwa nimonia tarehe 1 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 32.

Mdororo huohuo ulifika hadi kwetu. Katika koloni la Kenya, ambako mafua ya 1918 yalikuwa yamesambaa bara yakitokea pwani, walowezi mwaka 1921 waliamua kuwapunguzia Waafrika ujira kwa thuluthi moja, na hasira iliyotokana na hayo ndiyo iliyomwinua Harry Thuku. Huko hakukuwa na kadi wala stempu.

Turudi London. Vyama vingi vya bima vilijikuta vina akiba, maana wakati wa vita michango iliingia ilhali askari waliougua walitibiwa na jeshi. Chama cha makarani kilitajirika na kuwapa wanachama wake miwani na meno. Chama cha wachimba makaa, wanachama wake wakiugua mno, hakikuwa na cha kuongeza, ingawa wote walilipa stempu ileile. Ungetarajia akiba hiyo ivifae vyama maskini. Badala yake, mwaka 1926 Waziri wa Fedha Winston Churchill aliitazama na kuona kwamba serikali inaweza kupumua: sehemu ya serikali katika malipo ya wanaume ikapunguzwa kutoka mbili ya tisa hadi moja ya saba. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo peni tisa za Lloyd George zilipokoma kuwa tisa.

Mwaka 1931 uchumi wa dunia ulipoporomoka, mzigo ulitafuta bega lisiloweza kuukataa. Sheria ya mwaka 1932 ilishusha malipo ya ugonjwa ya mwanamke aliyeolewa kutoka shilingi 12 hadi 10, na yale ya ulemavu kutoka 7 na nusu hadi 5. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanawake hao waliugua kuliko wataalamu wa hesabu walivyotarajia. Ni hoja ya kushangaza: mtu anaugua zaidi, kwa hiyo alipwe kidogo. Wale wasio na kazi yoyote ya mshahara, wake wa nyumbani, bado hawakuhesabiwa kabisa. Mwaka 1933 iliundwa kamati ya wanawake kuchunguza afya yao, na maelezo ya akina mama 1,250 yakachapishwa mwaka 1939. Wengi walieleza maradhi ya miaka na miaka ambayo hawakuwahi kumwonyesha daktari, kwa kuwa fedha ya daktari ilikuwa ni chakula cha watoto.

Vita vya pili vilipokuja, William Beveridge, ambaye tangu ujana wake alishiriki kuandaa bima ya wasio na kazi ya mwaka 1911, alitoa ripoti yake Desemba 1942. Watu walipanga foleni kuinunua. Tarehe 5 Julai 1948, chini ya Waziri wa Afya Aneurin Bevan, huduma ya afya ya taifa ilianza kazi, ikigharimiwa zaidi na kodi kuliko stempu, na vyama vilivyoidhinishwa vikavunjwa. Mke, mtoto na asiye na kazi waliingia kwa daktari kwa mlango mmoja na mfanyakazi.

Lakini malipo ya ugonjwa yalibaki kufungwa na mshahara. Machi 2020 virusi vya korona vilipoenea London, na hospitali ya dharura ikajengwa katika ukumbi wa ExCeL, mwendo mfupi kutoka Poplar, serikali iligundua kwamba mfanyakazi mgonjwa alikuwa bado hulipwa kuanzia siku ya nne tu, na kwamba wengi walikuwa wakienda kazini wakikohoa. Aliyepata chini ya pauni 118 kwa wiki hakuwa na haki hata hiyo, wala madereva wa teksi waliojiajiri, ambao miongoni mwao wako wengi kutoka Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Kwa walioambukizwa korona, au waliotakiwa kujitenga kwa sababu yake, malipo yakaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Ruhusa hiyo ilimalizika Machi 2022, na siku tatu za mwaka 1911 zikarejea.