Senti 30 kwa Saa

Picha zilipigwa Arequipa, Peru, kwenye vioo, kisha zikasafirishwa hadi Harvard, ambako Henrietta Leavitt alizikagua kwa senti 30 kwa saa. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 za Mawingu ya Magellan ambazo mwanga wake hupanda na kushuka.

Mwaka 1912 alichambua 25 za Wingu Dogo, galaksi ndogo inayoizunguka yetu. Kwa kuwa zote ziko mbali nasi kwa kiasi kinachokaribiana, inayoonekana angavu zaidi ni angavu zaidi kweli. Akagundua kwamba nyota angavu huchukua siku nyingi zaidi kupanda na kushuka. Ukishapima nyota chache za aina hiyo zilizo jirani, siku hizo zinakupa umbali wa nyingine zote. Ripoti ilimtaja Leavitt kuwa ndiye aliyeiandaa. Sahihi ilikuwa ya mkuu wake, Edward Pickering.

Saratani ilimuua mwaka 1921. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliiona nyota kama hizo huko Andromeda, na kwa kanuni ya Leavitt akaonyesha kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa.

Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia Leavitt barua, akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka mitatu.